Kumbukumbu za Kikao cha Kupokea Alama za Kujinyanyapaa

TAREHE: Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi (kikao kiliitishwa saa tatu, Mtafiti alichelewa).
MAHALI: Chumba cha kusubiria, kliniki ya magonjwa ya akili.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (mwalimu mstaafu), Katibu (mpiga chapa), Fundi Cherehani na Kinyozi, wote wanachama wa kikundi cha wanaotibiwa hapa, Kaka wa Fundi Cherehani, mwakilishi wa ndugu, Mtafiti, mgeni mwalikwa.
ASIYEHUDHURIA: Mkuu wa Kliniki. Alituma salamu, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu. Mtafiti alidhani anashukuriwa yeye, akainama kidogo.

KUMB. NA. 2/7: TAARIFA YA MTAFITI
Mtafiti alieleza kwamba mwezi uliopita aligawa karatasi yenye sentensi ishirini, ili kupima mgonjwa wa akili anajidharau kiasi gani. Anayekubali kabisa sentensi hupata alama tatu. Anayekataa kabisa hupata sifuri. Alisisitiza kwamba majibu ni siri, kisha akayasoma kwa sauti.

Kinyozi alipata sifuri. Mtafiti alimsifu kuwa ni mfano wa kuigwa. Fundi Cherehani alimwuliza Kinyozi kama mkewe anajua anakotibiwa. Kinyozi alijibu, "Anajua nakuja kwenye kikao cha timu ya mpira." Mtafiti alisema hilo halimo kwenye sentensi ishirini.

Fundi Cherehani alipata hamsini na saba kati ya sitini. Kwa hiyo Mtafiti alipendekeza asipewe kazi ya kufundisha ushonaji katika karakana ya kliniki mpaka atakapojikubali. Ikumbukwe kwamba kazi hiyo ameiomba mara tatu. Mapendekezo hayo Mtafiti alimweleza Kaka, huku Fundi Cherehani mwenyewe ameketi katikati yao.

KUMB. NA. 3/7: KARATASI YENYEWE
Fundi Cherehani aliomba aione karatasi yake. Mtafiti alisema si utaratibu. Katibu alihoji ni utaratibu gani unaoruhusu alama zitangazwe lakini karatasi isionekane. Karatasi ilitolewa.

Fundi Cherehani aliitazama, akasema, "Vema hizi si za mkono wangu. Mimi niliandika jina tu, nikaambiwa nikachukue dawa dirishani."

Kaka alikiri kwamba aliijaza yeye. Alieleza kuwa alifanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa dawa zinamtetemesha dada yake mikono na hawezi kuandika vizuri.

Fundi Cherehani: "Kaka, hiyo suruali uliyovaa nani kaipinda?"

Kaka alisema hayo ni mambo ya nyumbani. Wajumbe waliitazama suruali. Pindo lilikuwa zuri.

Mwenyekiti alimwuliza Mtafiti kama hakuona kwamba jina na vema viliandikwa kwa mikono tofauti. Mtafiti alijibu kwamba kompyuta inasoma alama za vema tu, haisomi miandiko. Mwenyekiti alisema amesahihisha madaftari miaka thelathini na moja bila kompyuta, na aliyenakili kwa jirani alimjua kabla ya kufika ukurasa wa pili.

KUMB. NA. 4/7: KUJAZA UPYA
Iliamuliwa karatasi ijazwe upya papo hapo na mhusika. Kaka aliomba akae karibu amsaidie. Alielekezwa kiti cha mlangoni.

Fundi Cherehani alijaza kwa dakika arobaini. Hakuna aliyemharakisha. Sentensi ya kumi na nne, "Naona aibu kuwa na ugonjwa huu," aliisoma kwa sauti, akasema, "Hii nakubali. Siwezi kudanganya. Naona aibu ninaposemewa mbele ya watu kana kwamba sipo. Nikiwa kwenye mashine yangu, sioni. Sasa niweke vema wapi?"

Mtafiti alisema karatasi haina nafasi ya maelezo. Fundi Cherehani aliigeuza, akaandika nyuma.

KUMB. NA. 5/7: KAZI YA KARAKANA
Mtafiti alitaka kujumlisha alama mpya. Mwenyekiti alisema kikao hakizihitaji. Mtu anayeweza kusema hapa naona aibu na pale sioni anajijua kuliko wengi waliomo chumbani. Alipigisha kura. Mhusika hakupiga. Wajumbe wengine watatu waliunga mkono aanze kazi Jumatatu. Kaka alipinga. Mtafiti hana kura, ingawa alinyoosha mkono.

KUMB. NA. 6/7: MENGINEYO
Kaka aliomba maneno yake yote yafutwe kwenye kumbukumbu. Ombi hilo limeandikwa.

Kaka aliuliza pia, likitokea la kutokea huko karakana, nani atawajibika.

Fundi Cherehani alijibu, "Mimi."

Kaka alimgeukia Mwenyekiti kutafuta jibu lingine. Mwenyekiti alimwambia jibu ameshapewa.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa sita kasorobo. Fundi Cherehani hakuwepo wakati wa kufunga. Alikuwa ameshakwenda karakana kupima meza ya kukatia.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti
Sahihi: ........................ Katibu