Chura wa Saidi

Ijumaa, tarehe 10 Mfungo Mosi, 1323 Hijria

Mdogo wangu Saidi,

Leo nimempoteza chura wako wa mti, yule chambo uliyemchonga mwenyewe. Kambale mkubwa alimrukia juu ya majani ya ziwa, nami nikavuta papo hapo. Uzi ukakatika, akaenda naye. Mara ngapi uliniambia, "Kaka, mwache ameze kwanza. Maliza Bismillahi yote, ndipo uvute"?

Wiki ile dawa ya maji iliposhindwa kukukinga na risasi, askari walichoma na maghala yetu. Tangu hapo tunakula anachotuvulia chura yule. Usiku huu mkeo analala na njaa, na mimba yako tumboni.

Hakunilaumu. Aliniona nachonga mwingine, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Shemeji, huyo chura au ng'ombe? Wa Saidi alikuwa na miguu miwili tu, ya nyuma. Ya mbele, alisema, kambale haioni."

Nilikuwa nimesahau. Miezi miwili tu, Saidi, nami nimeanza kusahau.

Miguu ya mbele nimeikata. Kesho nitarudi ziwani, na Bismillahi nitaimaliza.

Wewe usinisahau, mdogo wangu.