Mawe ya Wapagazi

Manyoni, Jumanne usiku

Bado nawaka. Nilimuuliza msimamizi wa makaburi ya Wazungu waliokufa vita ya Wajerumani: babu yangu, mpagazi aliyefia hapa, kalala wapi?

"Wapagazi tu wale, mzee. Hawana makaburi."

Mama mmoja mchunga mbuzi akanishika mkono hadi kwenye rundo la mawe. "Hawa hapa, baba. Kila apitaye huwaongezea jiwe. Rundo lilikuwa kubwa, yule msimamizi kachukua mengi akazungushie makaburi ya Wazungu wake."

Niliweka langu, kisha nikarudi makaburini kung'oa yale aliyoyachukua, sasa yamepakwa chokaa, msimamizi akitazama.

"Nitakushtaki!"

Ashtaki. Nitamwandika gazetini, na kesho nang'oa yaliyobaki. Mzungu aliyelala pale sina ugomvi naye. Namtaka huyu aliye hai.