Themanini na Sita Haikuwa ya Salim

Jumamosi, 24 Januari

Mnyororo nimeuosha. Mafuta nimebadilisha. Betri imekubali. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya banda na sijali hata kidogo.

Eda ilikwisha Jumatatu. Miezi minne na siku kumi. Kazini, ghalani Nechells, nilikuwa nakwenda mchana, kwa ruhusa ya shehe, kisha nyumbani moja kwa moja. Bila manukato, bila rangi, bila kutoka. Nilimkalia Salim eda yake yote na sikuiba hata saa moja. Haki yake nimempa.

Sasa pikipiki. Msimu wangu wa saba wa mbio huu, Mungu akipenda. Namba 86 bado iko usoni na ubavuni, imechanika kidogo pembeni kwa ile ajali ya Agosti.

Wifi Zuhura yuko jikoni anaosha vikombe visafi. Tangu kaka yake afariki kahamia kwangu kutoka Erdington, mtaa mwingine wa huku huku ughaibuni, kunisitiri. Anapoosha vikombe visafi ana jambo. Sitamuuliza.

Jumapili, 25 Januari

Jambo lenyewe nimelijua.

Nilikuwa natafuta fomu ya namba. Pauline, katibu wa klabu yetu ya mbio, haamini mtandao. Kila Novemba anatuma fomu kwa posta, unajaza, unarudisha kwa posta. Nikadhani imechelewa tu. Nikafungua kopo la biskuti kutafuta kalamu. Ndani, barua zangu zote za miezi minne, zimefungwa mpira vizuri. Fomu imo, haijafunguliwa.

Nikaifungua. Kanuni iko juu kabisa kwa wino mweusi. Mwenye namba ya mwaka jana ana haki nayo mpaka tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo ni ya yeyote.

Zuhura hakukana. "Mwanamke yuko edani, wifi, nimletee mambo ya mapikipiki? Watu wangesemaje?"

Watu gani? Tulikuwa wawili ndani ya nyumba.

Nimekasirika. Sijala naye chakula cha usiku.

Jumanne, 27 Januari

Nimempigia Pauline wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya ghala kwenye upepo. 86 imekwenda. Kaichukua bwana mmoja anaitwa Gary, mpiga plasta wa Erdington, mgeni kabisa, ndiyo kwanza anaingia. Kazaliwa mwaka wa themanini na sita, mwaka huu anatimiza arobaini, kajizawadia pikipiki na namba.

Sababu nzuri tu. Ndiyo inayoniudhi.

Pauline akanisomea zilizobaki. 17, 41, 53, 72, 98. Nichague. Nikamwambia sichagui. Akasema, "Take your time, love," nisiwe na haraka. Nikakata simu.

Hata mimi sikuichagua 86. Siku ile ya kwanza nilichelewa kujiandikisha na ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye karatasi. Lakini misimu sita! Ukishavaa helmeti huna uso. Huna ushungi, huna rangi, huna kabila. Msimamizi wa kona akitaka kukuonya anaita namba. Mtangazaji anaita namba. Aliyenichukia alimchukia 86, na aliyenishangilia alimshangilia 86. Nimeanguka nayo mara nne. Nimepanda nayo jukwaani mara mbili.

Mtu akinambia namba ni namba tu, huyo hajawahi kupigiwa kelele.

Jumamosi, 7 Februari

Kila mtu ana jina lake la kuniita. Kazini mimi ni "Salim's missus", mke wa Salim. Msikitini ni mjane wa Salim. Zuhura akizungumza na mama yake aliyeko Unguja mimi ni mke wa kaka. "Mke wa kaka kala. Mke wa kaka yupo anakoroga uji." Miaka kumi na tisa ya ndoa. Mtoto hatukujaliwa, kwa hiyo hata mama fulani sikupata kuwa.

Nilimpenda Salim. Naandika hapa ili nisije nikajisingizia. Nilimpenda na nyumba imekuwa kubwa. Lakini kule uwanjani sikuwa wa mtu. Nilikuwa 86.

Na yeye alilijua hilo. Salim hata baiskeli alikuwa haiwezi. Aliogopa pikipiki waziwazi, bila haya, na alikuwa akifumba macho kila tukipita kona ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kukata stika kwenye duka la mabango, Alum Rock Road. Kutwa nzima anakata BUCHA na SIMU ZINATENGENEZWA, jioni anakata namba zangu. Na ubao wa plywood aliuchora yeye, 86 kubwa juu, chini pamepakwa rangi ya chaki. Anauinua ukutani kila nikipita kunionyesha nimebakisha mizunguko mingapi. Macho kafumba, ubao kaunyanyua.

Leo nimekuta bahasha kwenye droo yake. Seti tatu mpya, mbele na pande mbili. Nane tatu, sita tatu. Alizikata wiki ileile aliyofariki.

Nimelia. Nimezirudisha ndani.

Ijumaa, 20 Februari

Ramadhani imeanza. Na posta imeleta ajabu.

Barua ya Pauline. Kamati imekaa. 86 inarudi kwangu. Gary kakubali kuiacha kwa moyo mmoja. Nikapiga kelele peke yangu kwenye ngazi. Dakika kumi nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote hapa mtaani Saltley.

Kisha nikaisoma tena polepole. "Kwa kumbukumbu ya dereva wetu, marehemu Salim."

Dereva wetu?

Zuhura alikuwa anakanda unga wa sambusa. Hakuinua kichwa. Ndiyo, kaandika yeye. Kanisikia nikilalamika kwamba 86 imekwenda, kaona sili, kajua kosa ni lake, kataka kulirekebisha. Akauliza huku na huku akaambiwa klabu ina desturi: dereva akifa, namba yake haivaliwi na mtu ila kwa ridhaa ya jamaa zake. Basi akaandika kwamba 86 ilikuwa ya kaka yake, aliikimbilia miaka mingi, na mjane wake anaiomba.

"Si aliikata yeye kwa mikono yake?" akanambia. "Uongo uko wapi? Umeitaka, umeipata. Nyamaza."

Nimenyamaza. Imani yangu si kubwa kama ninavyojidai. Nimefuturu, nimeshuka bandani, nimebandika stika za Salim. Zimekaa vizuri mno.

Jumatatu, 23 Februari

Siku tatu nimenyamaza. Leo imetosha.

Pauline kanitumia ukurasa wa kitabu cha mbio ya kwanza nihakikishe majina. Kila dereva na namba yake na jina lake. Nikafika kwenye 86. "Kwa heshima ya Salim. Anaendesha mjane wake."

Jina langu halimo.

Kwa hiyo misimu sita yangu imefutwa. Kuanguka mara nne kumefutwa. Mtu aliyekuwa anafumba macho kapewa kona zangu zote, na mimi nimebakishwa mjane hata juu ya pikipiki yangu mwenyewe.

Na kuna jengine, zito zaidi. 31. Hakuna anayevaa 31 pale klabuni. Mwenyewe alikufa kona ya tatu, kabla sijajiunga. Mama yake huja kila mbio ya kwanza, anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, na sisi sote tunazima injini dakika moja. Nimemwona yule mama. Nitakaaje mbele yake nimempanga Salim pale alipo mwanawe? Salim alifia dukani, kikombe cha chai mkononi. Kifo chake kinatosha. Hakihitaji kuazimwa kifo cha mtu mwingine.

Hapana. Sitaki.

Jumanne, 24 Februari

Nimempigia Pauline. Nimesema yote. Salim hakuwahi kukimbia hata mzunguko mmoja. 86 ilikuwa yangu, niliipoteza kwa sababu fomu haikurudi, basi. Barua imetoka nyumbani kwangu, lawama ni yangu. Jina la Zuhura sikulitaja.

Kisha Pauline akasema niiache tu, hakuna atakayeuliza, watu wote wamefurahi. Nikamwambia mimi sijafurahi. Nikamwambia aliandike jina langu, Raya, na aitoe 86 mbele yake, irudi kwa Gary.

Akauliza, "So what number are you, then?" Basi mimi sasa ni namba gani?

Nikamwambia sijui. Akanikumbusha, mwisho wa kuchagua ni mwisho wa Machi. Bila namba huingii uwanjani.

Zuhura amesikia yote kutoka ngazini. Kasema mimi ni mpumbavu, kitu kimewekwa kinywani nakitema. Nikamwambia ndiyo, nakitema. Njia ya mwongo ni fupi na mimi nina mizunguko kumi na miwili ya kwenda. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Futari tumekula kila mtu na sahani yake.

Nimebandua stika moja moja kwa mashine ya kukaushia nywele ili zisichanike. Nimezirudisha kwenye karatasi yake. Pikipiki imebaki uchi.

Jumapili, 8 Machi

Gary amekuja. Hakupiga simu, amepiga mlango, dakika chache kabla ya magharibi. Jitu zima, limejaa vumbi la plasta hata kwenye nyusi, limevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kasikia habari yote kwa Pauline. Kasema 86 niichukue tu, yeye haimdhuru, atatafuta nyingine.

Nilitamani kusema ndiyo. Nilitamani sana.

Lakini alikuwa na picha kwenye simu. Pikipiki yake bandani, 86 imepakwa rangi kwa mkono, imepinda kidogo. Kaipaka na mkewe. Nikaona yule mtu kaja kunipa kitu anachokipenda kwa sababu ananihurumia. Na mimi huruma nimeshiba tangu Septemba.

Nikamwambia akae nayo. Ni yake kwa kanuni na ni yake kwa haki. Sharti moja: asije akaitembeza polepole. Namba ile haijazoea kukaa nyuma.

Akacheka mpaka vumbi likadondoka. Adhana ikalia kwenye simu, Zuhura akamsukumia sahani. Sambusa saba. Nilihesabu.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Hapa mtaani nusu wamesali jana, nusu leo, kama kawaida yetu. Sisi tulisali jana. Pilau linaendelea.

Jikoni moshi mtupu. Zuhura kaingia bandani kutafuta kitu cha kuuzuia mlango wa nyuma usijifunge, katoka na ubao wa Salim, kaugandamiza mlangoni na tofali. Nilitaka kumgombeza. Mdomo nimeshaufungua.

Kauweka kichwa chini.

Nikasimama na upawa mkononi. Sita ikigeuzwa ni tisa. Nane ni nane popote. 98. Nimeusoma mara tatu. Nimeinamisha shingo nikausoma tena. Na 98 imo kwenye orodha ya Pauline, niliandika mwenyewe hapa hapa mwezi wa kwanza, ya mwisho kabisa.

Nikakimbilia bahasha. Sita tatu, nane tatu. Nikazigeuza mezani kati ya sahani. Seti tatu kamili, mkono wa Salim, hapana haja ya kukata hata moja.

Zuhura akauliza nina nini. Nikamwonyesha. Akatazama, akageuza kichwa, akageuza tena. Kisha akasema pilau linaungua.

Nimempelekea Pauline ujumbe. Amejibu kwa dole gumba. Bibi asiyeamini mtandao.

Jumamosi, 11 Aprili

Ukaguzi. Mkaguzi kasimama hatua kumi, kakunja uso, kasogea. Kapima urefu wa namba kwa rula. Akauliza nani kakata. Nikasema mume wangu. Akasema kazi safi, akabandika alama ya kuruhusiwa.

Wanne wamenijia na pole zao na nyuso zimeinama. Pole nimezipokea. Kisha kila mmoja kaniuliza namba ya marehemu iko wapi, na kila mmoja nimemjibu vilevile: marehemu hakuwa na namba. Mwenye namba ni mimi. Ilikuwa 86, sasa ni 98, kaeni mbali na njia yangu kesho. Mmoja kaona nimekosa adabu. Na aone.

Mama wa 31 kafika na kiti chake. Nimemwamkia. Nimeweza kumtazama machoni.

Jumapili, 12 Aprili

Nimechoka. Goti la kulia limevimba kidogo. Nimemaliza wa saba kati ya ishirini na mbili. Gary wa kumi na tisa, hakuanguka, amefurahi kama kashinda. Nimemuuliza tulielewana nini kuhusu polepole.

Zuhura alikuja. Sikumwomba. Asubuhi nilimkuta kakaa garini, koti juu ya baibui, ubao mapajani. Kasimama nao ukutani mizunguko yote kumi na miwili, 98 juu, kwa hivyo sehemu ya chaki ikawa juu ya namba, na chaki kaikosea mara mbili. Macho alikuwa kayafumbua. Niliyaona.

Sasa yuko sebuleni anazungumza na mama yake. Sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Mama kamuuliza alikuwa wapi kutwa nzima, simu haipokewi.

"Nilikwenda kumtazama Raya," kasema.

Nimezima taa ya jikoni. Chai yake nimeifunika.