Chupa Ndani ya Kanga za Mama

Kwa mdogo wangu Faki,

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki ya kila Muislamu, usidhani moyo umelainika. Mimi huku Uskochi mzima, baridi inanila magoti, mkate wangu naupata. Nyinyi hapo Chake hamjambo? Mama kifua chake vipi? Na lile panka nililomnunulia, bado limefunikwa pale pembeni haliwashwi, kwa sababu ulimwambia upepo wake wa haramu? Mtu kumkataza mamake upepo! Hilo wallahi sijalisikia popote.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Shikamoo umeila. Miezi yote hii nikipiga nizungumze na mama, simu imo mfukoni mwako, na mama ama kalala, ama yumo chooni, ama anasali. Sala gani hizo zisizo salamu ya kumalizia? Leo umenitafuta mwenyewe, sauti chini utasema umo bandani mwa watu unaiba kuku: "Dada, wewe mjuzi wa mambo haya. Kuna chupa mbili, moja ya moshi na moja tamu. Ipi nzuri, na ipi haitonipasua mfuko?" Kisha mwisho: "Ukishasikiliza, futa."

Sijafuta. Na jibu nakupa kwa karatasi ili nawe usifute langu.

Ile picha yangu nimetia pua kwenye gilasi, wewe ndiye uliyeibeba mpaka kwa mama ukamwambia, "Mwanao huyo, mlevi." Nilikueleza ukanikatia simu, basi nakueleza tena. Hapa kwenye duka la wiski nilianza kwa kuosha gilasi. Mwenye duka, bibi mmoja wa watu, akaona pua yangu inakamata. Yeye ndiye mwenye ulimi: huonja, akatema, akaniambia. Mimi ni pua tu, nanusa nikawaambia wateja ndani mna nini. Tone halijapita kooni mwangu, Mungu shahidi. Wewe ukanipangia wote waliolaaniwa kwenye ulevi, mkamuaji, mbebaji, muuzaji, ukawataja kwa sauti ya mimbari. Sikukubishia, kwa sababu jambo hilo linanikera mwenyewe na kila nikisujudu naomba kazi nyingine. Lakini mnunuzi naye yumo mle, Faki. Ulipofika kwake ulipaliwa?

Haya yakhe, umeuliza, nakujibu.

Ile ya moshi, shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi ambao watu wa huku huuchoma kama kuni. Ukiinusa unapata makumbi ya nazi yanayoungua, dawa ya vidonda ya hospitali, na mwani ulioachwa pwani mpaka ukachacha. Bibi anasema mdomoni inaanza na chumvi, ikaja pilipili, halafu moshi ukakaa kooni, hata ukila chakula bado upo. Wapo wanaoipenda hiyo kuliko watoto wao, na wapo wanaoitema palepale. Bei yake karibu mara mbili ya mwenziwe, na anayeijua hasemi kapunjwa.

Ile tamu imelazwa miaka kwenye pipa lililowahi kutiwa mvinyo wa zabibu. Hiyo haigombi na mtu. Inanukia tende, sukari guru, ganda la chungwa. Bibi anasema inateleza, utamu mbele, nyuma uchungu kidogo kama wa kahawa. Na chini kabisa, ukiipa pua nafasi, mna karafuu. Si ile kavu ya dukani. Ni karafuu ya siku ya kwanza juani, bado ina maji yake. Mara ya kwanza kuinusa nililia mbele ya wateja, nikamwona mama mkekani anachambua, vidole vimemganda utomvu, ananiambia, "Asya, vikonyo usitupe, navyo vina mwenyewe." Mzungu mmoja akanipa leso, akidhani ukali wa kileo umeniingia machoni. Nikalia kwa ajili ya mama ambaye sijui kama anataka hata kuisikia sauti yangu. Hilo ndilo linaloniua, Faki. Sijui kama ni yeye aliyenikataa au ni wewe.

Sasa thamani. Huyo tajiri wako kutoka bara, unayetaka anunue dagaa wako wa Tumbe na si wa mwengine, umesema anachanganya na soda na barafu. Mtu wa soda usimpe ya moshi, ni kumtilia mbuzi pilau. Mpe ile tamu. Fedha utabakisha, yeye atakusifu, na dagaa wako watapanda lori. Huo ni ushauri wa kweli. Sikupendi leo, lakini kwenye kazi simdanganyi mtu.

Ningeishia hapo, ningekutukana kidogo basi yakaisha. Lakini ukaongeza: "Jirani yako wa huko, Bi Mize, si anakuja likizo? Mpe chupa aitie sandukuni, izungushie zile kanga za mama, haitovunjika."

Nilikaa kitako sakafuni. Kanga zilezile! Kanga nilizomnunulia mama, ukaniambia hazigusi, ati zina najisi ya kazi yangu, nisithubutu kuzileta. Kumbe kumvika mama haramu, kuivika chupa halali? Subhanallah! Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanaadamu mchungu. Wanasema mavi ya kale hayanuki, lakini haya yako mabichi, na umemletea mtu anayekula kwa pua yake. Mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa shamba, niliyekuchunia samaki miba, leo unitumie kama chochoro la kupitishia uchafu wako usiku, na mchana unipite kama hunijui? Huna haya wewe. Huna hata ya kuazima.

Chupa haiji. Bi Mize anakuja na kanga, na barua mbili.

Moja ndiyo hii, utapewa Alkhamisi. Ya pili ni ya mama. Wewe umezoea kumsomea barua zangu, ukaruka unapopataka, kwa kuwa mama hajui herufi za skuli. Umesahau kwamba za chuoni anazijua kuliko wewe. Nimemwandikia Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kubwa kubwa, kama alivyonifunza mwenyewe kwenye ubao. Imenitoa jasho. Nimemweleza kazi yangu yote, uzuri wake na ubaya wake, na karafuu niliyoikuta ndani ya gilasi. Nimemwomba kitu kimoja: kama hanitaki, aniambie kwa mdomo wake, na Bi Mize atampa simu yake aniambie.

Habari ya chupa yako sikuiandika. Usishukuru. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeandika mstari mmoja tu, "Faki ana neno la kukwambia," na chini yake nimeuacha mweupe. Barua hiyo mama atatiwa mkononi Ijumaa. Una usiku mmoja wa kumwendea kabla hajakuita yeye na karatasi mkononi.

Nisalimie mkeo Raya, mwambie yeye sina ugomvi naye, na ile dawa ya mtoto aliyoniagiza, Bi Mize anayo. Nisalimie mjomba Hamad wa Wesha, ndiye peke yake aliyeniuliza mwenyewe badala ya kukuuliza wewe. Nisalimie na mwalimu wetu wa chuoni, akiwa bado anaona mwambie hati yangu imeharibika lakini inasomeka.

Mama usimsalimie. Salamu zake nimeziandika mwenyewe.

Dada yako wa tumbo moja, upende usipende,

Asya