Nilisema Nimekubali Nikiwa Nimekabwa

Bi Mwanakhamis mpendwa,

Nimekwama, nakuomba uninasue, na jina langu tafadhali usilichape, maana hapa Wete gazeti lako husomwa kwa sauti barazani na hata asiyejua kusoma hulijua lote kabla ya Adhuhuri, nami nina heshima yangu, ni fundi baskeli, nina miaka hamsini na mbili, nina mke mmoja, Moza, na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Mwanawema, na jambo langu ni la aibu kidogo lakini si aibu ile unayoidhania.

Mwaka juzi alihamia hapa Mgoa mmoja, Bwana Furtado, karani wa bandarini, ambaye ujanani alikuwa baharia akakwama miaka minne Brazili, na huko akafundishwa jujitsu, yaani mieleka ya Kijapani ambayo Wabrazili wameigeuza ikawa ya kupigania chini kwa chini, hakuna ngumi wala teke, unamshika mtu, unamlaza, unamkaba kwa kola ya nguo yake mwenyewe au unamkunja mkono mpaka asalimu amri, na akishasalimu unamwachia mnacheka. Alipewa ghala bovu la karafuu, akatandika mikeka juu ya magunia ya makumbi, akaanza kufundisha vijana kila siku baada ya Alasiri. Mie nilikwenda kumrudishia baskeli yake, nikasimama mlangoni, nikamwona kijana mwembamba kamlaza mpagazi wa bandarini, na kwa miaka mingi sijaona kitu kikanipendeza vile. Nikamwuliza Mgoa, "Mtu mzima kama mie ataweza?" Akaniambia, "Vua viatu."

Nisikufiche, Bi, mwezi wa kwanza niliona nakufa. Pumzi ziliisha kabla sijaanza, mgongo ukagoma, sikio la kulia likavimba kama andazi, na Moza akinikanda kwa mafuta ya karafuu huku akisema, "Wenzio wa rika lako washughulikia akhera, weye washughulikia kugaragara." Mwanawema peke yake hakunicheka, akanishonea nguo ya kuchezea kwa marekani nzito, mishono miwili miwili, asije baba yake akavuliwa shati mbele za watu. Na mwaka huu watu wamegawana kwa vyama mpaka visimani, basi wakazusha kwamba Mgoa anafunza vijana wa siasa, akaja askari kuchungulia, akanikuta nimelaliwa na mtoto wa miaka kumi na tisa, akaenda zake akisema hawa hawawezi kupindua hata sufuria.

Lakini taabu kubwa haikuwa mgongo, ilikuwa adabu. Vijana wale wote wamelelewa vizuri, kila nikipangwa na mmoja huanza na "Shikamoo mzee", kisha hunishika mkono kama anayenivusha barabara, nikimgusa huanguka mwenyewe, na nikimwambia nikabe hunijibu, "Mzee wangu, nitapata laana." Ila Hamad.

Hamad ni mchuuzi wa samaki, ana miaka ishirini na sita, kila alfajiri huenda Tumbe kwa baskeli na kurudi na tenga zima nyuma, na mapaja yake, mashaallah, ni nguzo. Siku ya kwanza alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, na marahaba haijaisha mdomoni nikajikuta chali na goti lake kifuani. Bi Mwanakhamis, nililala pale nikitazama bati la ghala, na wallahi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Tangu niote mvi hakuna aliyenifanya kama mtu anayeweza kuhimili kitu.

Sasa katika Rajabu mjomba wake, Bwana Kificho, akaja nyumbani na watu wazima wawili, wakaleta posa, Hamad amtaka Mwanawema. Kijana hana kasoro, anasali, anajituma, kwao tunakujua, na Mwanawema mwenyewe alipoulizwa na mama yake alitazama chini akatabasamu, nawe wajua maana yake. Nilitakiwa niseme ndiyo siku ile ile. Lakini nikafikiri, akishakuwa mkwe wangu nani atanikaba? Mkwe kwetu hata kula naye sinia moja ni kwa tabu, atanipisha njia, atashusha sauti, ataniwekaje goti kifuani? Nikasema wanipe siku nisali istikhara. Kisha nikasema tumngoje shangazi yake Mwanawema kutoka Makoongwe. Shangazi akaja, akakaa, akaondoka. Nikasema basi masika yapite. Sababu ya kweli sikumwambia mtu, hata Moza.

Na tazama ajabu, tangu posa ije, ujuzi ukaniingia! Hamad yule yule aliyekuwa akinilaza, sasa mie ndiye ninayemlaza, kila siku, nikimkaba kidogo tu anasalimu, na Mgoa hutazama akikuna kidevu. Nikaona nikiacha sasa, nikiwa katika ubora wangu, nitakuwa nimejidhulumu.

Ijumaa iliyopita sijui kilichonipata, labda nilikula sana mchana. Hamad hakuniamkia. Alinishika kola, mara niko chini, mikono yangu miwili imebanwa na mapaja yale, marekani haichaniki, nikaanza kuona nyota. Kwa desturi mtu hupiga mkeka mara mbili, na asiyeweza kupiga, Mgoa katufundisha aseme "Nimekubali". Na saa hiyo hiyo Bwana Kificho alikuwa kapiga hodi mlangoni mara tatu, hakuitikiwa, akaingiza kichwa akasema kwa sauti, "Bwana, miezi minne sasa! Leo nataka jawabu, posa yetu umeikubali ama hukuikubali?" Mie sikumsikia, haya nilisimuliwa baadaye, masikio yalikuwa yakivuma. Nikapiga kelele, "Nimekubali! Nimekubali! Nimekubali!" Mara tatu, mbele ya watu kumi na mmoja.

Kabla sijapata pumzi Bwana Kificho keshafika msikitini, na kabla ya Magharibi vigelegele viko uani kwangu. Mwanawema akanibusu mkono, akalia. Sasa nakuuliza, neno nililolitoa nikiwa nimekabwa lanifunga? Shehe wa mtaa nilipomuuliza alicheka mpaka akakaa chini. Nikane, niseme nilikubali kukabwa, sikukubali posa, ama ninyamaze nimpoteze mwenzangu wa pekee? Na je, hakuna njia ya mkwe na mkwe kuendelea kukabana, pengine kwa kutosalimiana?

Ni mimi niliyekabwa,
Wete, Pemba

---

Bwana Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mpiga chapa akaja kuniuliza nina nini. Mara ya pili sikucheka.

Umenitaka jina lako nisilichape, sikulichapa. Lakini umeniandikia jina la mkeo, la binti yako, la mchumba, la mjomba wa mchumba na la Mgoa, na sijui Wete mna mafundi baskeli wangapi wenye sikio lililovimba. Hilo shauri yako.

Kwanza pole. Sisemi kwa kejeli. Mtu akifika umri wetu watu huanza kumshika mkono hata hajayumba. Mie nina arubaini na tisa, kila niingiapo naletewa kiti, na sikitaki. Kumpata mtu mmoja asiyekuonea huruma si jambo dogo, na wala sitakwambia uache jujitsu yako. Wako wanaume wa rika lako wanaoanza mambo mabaya zaidi ya hayo, na barua za wake zao ninazo hapa kabatini.

Huruma yangu imeishia hapo.

Ati ujuzi ulikuingia! Ujuzi gani, mwenzangu? Kijana kaleta posa kwako, kila siku analazwa mkekani na baba wa binti amtakaye, angefanyaje, akuvunje mkono? Hamad alikuwa mkwe wako tangu Rajabu. Alikupisha njia, alishusha sauti, akaanguka kwa adabu kama wenzake wote, na hukuona kwa sababu safari hii kuanguka kwake kulikufurahisha. Mgoa aliona, ndiyo maana ya kule kukuna kidevu. Na Ijumaa hukula sana, usikisingizie chakula cha mkeo. Ijumaa Hamad alichoka kungoja, basi. Akakuonyesha mlipo hasa, weye na yeye.

Kwa hiyo hicho unachokilinda hunacho. Umekipoteza siku ile ile ya posa, na kwa kitu ambacho huna umemweka binti wa watu... nasema wa watu! Binti yako mwenyewe, umemweka miezi minne mlangoni, si ndani si nje. Huoni haya?

Waniuliza kama neno lile lakufunga. Mie si kadhi, lakini hata mtoto ajua kwamba mtu aliyekabwa hakubali kitu ila kwamba kakabwa. Neno lile halitoshi. Ndiyo maana nakutaka uliseme upya, si ulikane! Ukilikana, Wete nzima itasema fundi alimtoa binti kwa bahati mbaya kisha akamrudisha ndani, na jina litakaloburutwa si lako, ni lake.

Basi sikiliza. Leo hii funga karakana, koga, vaa kanzu, nenda nyumbani kwa Bwana Kificho, ukae kitako, upumue vizuri, umwambie kwamba umekubali na kwamba kuchelewa kulikuwa kosa lako. Asipokuuliza sababu, usimwambie, mzee wa watu asije akaanguka. Mpange siku ya ndoa kabla ya Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, kumalizika. Hamad usimtake aje tena ghalani, na hilo la kutosalimiana nisilisikie, mkwe asiyekuamkia atakujaje kukuzika?

Kama wataka wa kukukaba, yupo. Bwana Furtado. Mwenye mchezo wake, mtu mzima mwenzio, asiyekuposea mtu. Ajabu katika barua yako ndefu hukusema hata mara moja kwamba ulipata kushikana naye. Nadhani najua kwa nini. Yule atakulaza leo, kesho, na siku zote mpaka mmoja wenu afe. Basi huyo ndiye anayekufaa. Na hao vijana, mwambie Mgoa awawekee amri, shikamoo ziishie mlangoni.

Limebaki moja, na hili sikutaka kuliandika gazetini, lakini sina njia nyingine ya kukufikia upesi. Katika Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi, nilipata barua kutoka Wete, ya msichana asiyetaja jina. Baba yake fundi baskeli, mchumba wake huenda Tumbe kila alfajiri. Hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza tu, "Bi, nina kasoro gani ambayo baba kaiona, mpaka aone haya kumwambia mama?" Sikuichapa, nilimjibu kwa mkono wangu, kwa anwani ya shoga yake aliyonipa. Nilimwambia astahimili, baba akichelewesha jawabu la posa ya mwanawe huwa ana jambo zito.

Mwambie Bi Mwanakhamis amtaka radhi, alisema asilolijua. Kisha umtake radhi na weye.