Mita Arobaini Juu ya Ngazi

Incheon,
9 Novemba, 2023.

Mpendwa mdogo wangu Seon-hwa,

Baridi ya huko Winnipeg imewafikiaje? Kifua cha mwanao Do-gyeong kimepona? Na shemeji, mgongo bado unamsumbua? Mama ni mzima. Kabichi za majira ya baridi ameshazitia chumvi peke yake, na anakulaumu kwa kutopiga simu. Mimi nasema sijambo, lakini ni la mdomoni tu. Ndiyo maana naandika.

Kazi yangu unaijua. Napanda kreni ya ujenzi asubuhi, nashuka jioni, na katikati ni kibanda cha juu, kiti na vioo. Chakula napandishiwa kwa kamba: wali wa kuviringishwa kwa mwani, tambi za kikombe, kahawa tamu za pakiti, sita au saba kwa siku. Miaka kumi na tisa sasa. Mama akiniona anapiga makofi: "Sasa ndiyo mwanangu! Umenawiri!" Yeye alikulia katika njaa, simlaumu.

Septemba tulipimwa afya. Muuguzi aliponizungushia utepe tumboni, nikavuta pumzi ndani.

"Dada, pumua tu. Utepe haudanganyiki."

Sentimita tisini na mbili. Presha juu, sukari juu, mafuta kwenye damu juu. Akasema hayo yakikutana mwilini, kiharusi na kisukari havikai mbali, na sisi wanawake tukishakoma hedhi tunaingia humo kwa makundi. "Hauko peke yako. Leo tu nimewaandika kumi na mmoja." Sikufarijika. Baba alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili. Mimi nina hamsini.

Daktari akaniandikia dawa ya presha. Sikuimeza. Inakojoza, na kule juu hakuna choo.

Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa mita arobaini juu ya ngazi, dunia ikazunguka. Nikakumbatia vyuma. Juu siwezi, chini siwezi. Redio ya upepo ikalia kifuani; ni Pyo, yule anayeniongoza kwa ishara kutoka chini.

"Dada, mbona umesimama? Unahesabu ndege?"

"Pyo, siwezi kusogea."

"Basi usitazame chini. Jana ulikula nini?"

"Tambi."

"Na juzi?"

"Tambi."

"Dada, wewe ukijikata zitatoka tambi!"

Nikacheka, kisha nikalia. Akapanda hadi miguuni pangu, akawa anaushika mguu mmoja mmoja na kuuweka kwenye kipago cha chini. Tulitumia dakika arobaini.

Msimamizi, Bwana Maeng, alikuwa akitusubiri. "Dada Tak, ukitaka kupumzika nitakuheshimu. Ila wanaokitaka kiti chako ni wengi."

"Ni njaa tu," nikamwambia. Nikikiri ugonjwa, hakuna mradi mwingine utakaonipokea, na kazi nyingine sijui. Pyo alinitazama, akarudi kazini.

Jumatano nilipanda tena. Kahawa nimeacha. Tumbo lipo palepale. Kitundu cha kuingilia kibandani kinanibana kiunoni kila asubuhi.

Mama usimwambie.

Nisalimie shemeji na Do-gyeong. Mungu awafunike, theluji isiwaguse. Dawa sasa nameza, mdogo wangu, na ndani ya suruali navaa nepi ya wazee. Pyo ndiye aliyeninunulia. Alinikabidhi mfuko akitazama pembeni, na siku hiyo hakutania.

Dada yako akupendaye,
Tak Mi-ran