Bamvua na Darasa la Saba

Jumatatu, 14 Julai
Mahudhurio, asubuhi. Darasa la Saba ni wanafunzi ishirini na sita. Wasichana saba hawapo. Ijumaa pia hawakuwapo, haohao. Nimewauliza wavulana. Mmoja akasema wamekwenda pwani. Nikamwambia sote tuko pwani. Darasa zima likacheka, sijui kwa nini. Juma langu la pili hapa na tayari nachekwa. Nimefundisha asilimia mbele ya madawati matupu. Saumu naye hayupo, na ndiye mkali wa hesabu kuliko wote. Nimeudhika.

Jumatano, 16 Julai
Wamerudi wote saba, kama hakuna kilichotokea. Hakuna barua ya mzazi. Hakuna aliyeumwa. Vidole vya Saumu vimechanika, ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Nikamuuliza anafanya kazi gani nyumbani. "Za kawaida, mwalimu."
Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mhina, anasema ni utoro tu na dawa yake anaijua. Sina hakika. Mtoro hawahi dawati la mbele siku anayorudi.

Ijumaa, 25 Julai
Saba tena. Haohao.

Jumamosi, 26 Julai
Nimechukua daftari la mahudhurio la tangu Januari, la mwalimu aliyenitangulia. Nimekaa nalo tangu chai ya asubuhi. Siku za kukosa hazikutawanyika. Zimekaa mafungu: siku tatu au nne, kisha kama wiki mbili hakuna kitu, kisha fungu jingine. Januari hadi Mei. Gulio? Hapana, gulio ni kila Jumanne. Ngoma? Ngoma gani hiyo isiyokosa miezi mitano?
Sikuweza kuvumilia. Nikaenda kwa kina Saumu na daftari kwapani. Anaishi na bibi yake, Bi Mwanahawa. Nikaamkia, nikaketi jamvini. Bibi macho yake yamefifia, kwa hiyo Saumu akamsomea tarehe. Bibi akacheka hadi akashika ubavu.
"Hizi ni bamvua, mwanangu. Huko kwenu Lushoto hamna mwezi?"
Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hupwa sana, mpaka kule ziliko kamba zao za mwani. Siku nyingine hawazifikii. Basi. Hakuna aliyenificha chochote. Ni mimi niliyekuwa sijui kuwa pwani ni pale maji yanapoondoka, si kijiji kizima.
Najiona mjinga. Pia nimefurahi sana. Sijui kwa nini vyote viwili.

Jumapili, 27 Julai
Kanisani sikwenda. Nimekwenda pwani.
Bahari haipo. Imeondoka kabisa, imeacha mchanga na madimbwi mpaka macho yanachoka. Wanawake wameinama kila mahali. Vigingi vya miti, kamba kati ya kigingi na kigingi, na mche wa mwani umefungwa kila baada ya shubiri. Nimeuliza unakua kwa siku ngapi, nani huununua, kwa nini huu mwekundu na ule wa kijani. Bibi akaniambia nifunge mdomo nisije nikameza chumvi.
Upepo wa kusi ulikata kamba zake zote mwezi uliopita. Lazima apande upya bamvua ijayo. Kiwanja kikikaa kitupu, wenzake humpa mwingine. Ndivyo walivyokubaliana wao. Yeye haoni mafundo. Saumu ndiye vidole vyake.
Nimekanyaga kidude chenye miiba myeusi. Mguu unawaka.

Jumatano, 30 Julai
Ratiba ya mtihani wa majaribio imefika. Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa tatu asubuhi hisabati, kisha Kiingereza hadi saa saba. Watakaofanya vizuri watachukuliwa kambi ya masomo mjini kabla ya mtihani wa mwisho.
Nimehesabu kwa vidole. Mwezi mpevu Jumamosi, tarehe tisa. Jumatatu maji yatakuwa chini kabisa saa tano.
Nikamwonyesha Mwalimu Mkuu. Kumbe bamvua anaijua siku zote. "Shule haiendeshwi na mwezi," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Alijua, na bado akawaita watoro. Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 6 Agosti
Mkutano wa wazazi. Mwalimu Mkuu ametangaza: mtoto atakayekosa mtihani, mzazi wake ataitwa kwa mtendaji wa kata. Kisha Bi Mwanahawa akasimama.
"Mwalimu, huyo aliyepanga tarehe hakutazama juu?"
Kicheko. Hata Mwalimu Mkuu, kwa kujizuia. Baada ya hapo maneno yakaenda vizuri. Akina mama wasio na mtoto Darasa la Saba watawapandia walio naye. Wasichana sita wakapata watu papo hapo. Bibi akakataa. Wengine wanakaza mno, anasema, mche unakatika. Saumu alikuwa nje, ameegemea dirisha, anasikia.
Nikasikia sauti yangu: "Mimi nitamfungia." Siku ya mtihani madarasa mengine hayaji, na wasimamizi wanatoka shule nyingine. Nina nafasi. Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Aibu. Lakini sijalifuta neno langu.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi amenipima. Mafundo kumi. Anayapapasa, anayavuta. Sita yakafunguka. Miche miwili ikakatika. Akanirudisha nyumbani.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Mapumziko. Kutwa nzima nimefunga mchicha kwenye kamba ya kuanikia nguo. Jirani akauliza ni dawa ya nini.

Jumamosi, 9 Agosti
Mafundo ishirini. Miche miwili tu ikakatika. "Si haba," akasema Bibi. Nimetembea hadi nyumbani kama niliyepandishwa cheo.

Jumapili, 10 Agosti
Tumepanda nusu, Saumu na mimi. Anafunga mafundo matatu nikiwa kwenye moja. Nusu nyingine kesho. Hajasema kama atakwenda shule. Sikumuuliza. Naogopa jibu.

Jumatatu, 11 Agosti
Saa moja na nusu nilikuwa kwa Bibi. Saumu amesimama mlangoni. Juu shati la shule, chini kanga ya kuingilia majini. Hakuwa ameamua. Bibi akanyoosha mkono, akalipapasa lile shati begani, kisha kola. "Sketi yako iko wapi? Vaa, nenda." Saumu akabaki. Bibi akasema tena, kwa ukali. Akaenda akikimbia.
Tukaingia majini wawili. Bibi ameshika kiwiko changu, miguu yake inajua njia kuliko macho yangu. Nikafunga. Mgongo ukauma, vidole vikafa ganzi. Mawazo yangu yote yalikuwa darasani. Maji yalipoanza kurudi zilibaki kamba nne. Nikajua hatutamaliza. Nikataka kulia.
Wakaja wanawake wawili wa viwanja vya jirani. Hawakuomba ruhusa. Wakainama, wakafunga. Bibi alizisikia sauti zao. Hakuwazuia.
Tulitoka maji yakiwa kiunoni. Kamba zote zimejaa.
Nilifika shuleni nimeloa. Wanatoka. Nilitaka kumuuliza Saumu kuhusu mtihani, akaniwahi.
"Mmemaliza?"
Nikasema ndiyo. Akakaa chini palepale, mchangani, akafunika uso kwa mikono.

Jumamosi, 16 Agosti
Maji mafu, hayapwi sana. Hakuna aendaye pwani leo.
Matokeo bado. Jana Mwalimu Mkuu alibandika ratiba mpya: siku za bamvua marudio ya Darasa la Saba yatakuwa alasiri.
Saumu alikuja jioni na muhogo wa kuchemsha kutoka kwa bibi yake. Anasema mafundo yangu matano yamefunguka, na Jumatano aliyafunga upya baada ya shule. Kisha akaniuliza swali la mwisho la hisabati, lile la pipa na mabomba mawili. Alitaka kujua kama njia yake ilikuwa sawa. Tukachora chini kwa kijiti. Mimi nikapata dakika arobaini. Yeye alikuwa ameandika thelathini na sita. Hakubishana. Alimaliza muhogo, akaaga, akaenda zake.
Nimelifanya tena peke yangu kabla ya kuandika hapa. Ni thelathini na sita.